Mlima Uliotua Mzigo

Harufu ya siki hunipandisha hasira. Muuzaji wa chipsi pale Bankstown ameshanizoea: akiinua tu chupa, mimi natikisa kichwa, naye anacheka. Anadhani sipendi ukali wake. Laiti ingekuwa ukali! Harufu ile ikinifika puani, mimi siko tena dukani. Niko kwenye ukumbi wa shule ya msingi, mwezi wa Julai, baridi ya Sydney inapenya mpaka ndani ya soksi, na meza zote zimejaa milima ya karatasi na gundi inayotapika povu jekundu la siki na unga wa soda. Milima yote inatapika, isipokuwa wangu.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana jambo hili nimelikalia miaka mingi, na likinitoka kwa haraka linatoka vibaya.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu tulimwita Miss, kama walimu wote wanawake wanavyoitwa huku. Hakuwa mkatili, nisimsingizie. Alikuwa na sauti laini na alinukia limau. Lakini siku ya kwanza tu alinikata jina, nikawa Atu, kwa sababu Atupele, alisema, ni refu. Herufi saba! Darasani mwetu kulikuwa na Christopher, tena Christopher mzima mzima, na hakuna aliyemgusa.

Muhula ule tulisoma volkano. Kila mtoto alichagua mlima wake wa kuutengeneza na kuuandikia maelezo kwenye ubao wa karatasi ngumu, ili wazazi waje kuutazama. Siku ya kuchagua mimi nilikuwa kwa daktari wa meno. Niliporudi, shavu limevimba, milima yote yenye majina makubwa ilikuwa imeshachukuliwa, hata wa Afrika. Uliobaki ulikuwa mmoja tu: mlima wa kaskazini ya mbali ya Kanada, mpana, pande zake zimesimama wima, na juu bapa kama meza. Milima ya aina hiyo, Miss alisema, huitwa tuya.

"Mlima wako umekatwa kichwa," Christopher aliniambia, na darasa zima likaangua kicheko.

Mimi nililia chooni. Nilitaka mlima wenye ncha, wenye kutema moto. Huu wangu ulikuwa umelipuka zamani za kale chini ya barafu nene, hata kama ungekuwepo usingeuona.

Jumamosi yake Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi mbichi. Alizifuata mpaka Cabramatta, kwa mama mmoja wa Kivietinamu ambaye alikuwa akimchagulia zilizokomaa sawasawa. Mama yangu ni mtu wa Tukuyu, kule Rungwe, kwenye ukungu na migomba, na jambo moja aliloshindwa kulisamehe hapa Australia ni ndizi za dukani. Alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Aliwanyanyua, aliwageuza, aliwaogesha, kisha akarudi nyumbani akatunyanyua sisi. Vidole vyake siku hiyo vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na jikoni kulinukia ndizi na maziwa ya nazi.

Nilimsomea karatasi zangu kwa Kiingereza, maana Kiswahili wakati ule nilikisikia vizuri lakini nikijibu, mdomo ulikwenda wenyewe kwenye Kiingereza. Nikamweleza jinsi lava ilivyopanda ikakuta barafu juu yake. Barafu ikayeyuka kwa chini, likafanyika ziwa lililozungukwa na kuta za barafu. Lava ikiingia kwenye maji yale baridi ilivunjikavunjika kama chupa, nyingine ikaganda mafungumafungu ya mviringo yanayoitwa mito.

"Mito ya maji au mito ya kulalia?" Baba aliuliza kutoka sebuleni. Alikuwa amerudi kutoka ghalani Ingleburn na bado hajavua buti.

"Ya kulalia, Baba!"

"Basi huo mlima umejitandikia kabisa," alisema, akacheka peke yake.

Nikaendelea. Lava ikarundikana mpaka ikayapita maji, ikatambaa juu na kutandaa bapa. Kuta za barafu zikaushika mlima ubavuni usimwagike. Baadaye sana barafu yote ikayeyuka, mlima ukabaki umesimama peke yake na kichwa chake bapa.

Mama aliacha kisu. "Unaitwaje mlima wa hivyo?"

"Tuya."

"Tua?"

"Tuya, Mama. Tu-ya."

"Gwe, wewe! Si ndiyo hiyo tua? Wazungu imewashinda kutamka tu." Uso wake uliwaka. "Umebeba barafu kichwani miaka na miaka, mwisho ukatua. Kichwa cha mbeba mzigo hakiwezi kuwa na ncha, mwanangu. Niangalie mimi!" Akaupigapiga utosi wake kwa kiganja, utomvu na yote.

Nikamwambia haiwezekani, Kanada si Tanzania. Mama akaniuliza kama nilikuwepo walipoupa jina. Sikuwepo. "Basi kaa kimya," akasema, akaenda chumbani, akarudi na kanga yake moja, ya manjano yenye pindo jeusi, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya sikio. Akaisokota, akaizungusha, ikawa ngata. Akaniwekea kichwani. Juu ya ngata akaweka bakuli la plastiki, na ndani ya bakuli akamwaga barafu yote ya kwenye friji.

"Tembea."

Nilitembea kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi. Mwanzoni nilicheka. Halafu shingo ikaanza kuzama mabegani, maji yakanichuruzika nyuma ya masikio mpaka mgongoni, na kila nikipepesuka Mama alinipigia makofi: usishike, usishike, shingo ndiyo mkono! Nilipokuwa karibu kulia akalipokea bakuli kwa mikono miwili. "Haya. Umetua."

Ndugu zangu, sijui kama nyote mmewahi kubeba kichwani. Ukitua, shingo inarefuka. Unajisikia mwepesi hata unaogopa utapaa. Mama aliniambia kwamba alipokuwa na umri wangu alishuka na ndizi kutoka shambani mpaka sokoni, na njia nzima alikuwa akifikiria neno hilo moja tu, tua. Akasema kule nyumbani kila anayetaka kura huahidi kumtua mama ndoo kichwani. Anapata kura, na ndoo iko palepale. Nilimtazama mama yangu na nikaupenda mlima wangu ghafla.

Ubaoni niliandika kwa wino wa kijani, herufi kubwa: "Tuya ni neno la Kiswahili. Maana yake ni kuweka chini mzigo ulioubeba. Nimeambiwa na mama yangu." Mlima niliutengeneza kwa unga na chumvi, na juu yake nikaiweka ile ngata. Mama alibadilishana shifti na mwenzake ili aje. Hakuwa amewahi kuja shuleni mchana hata mara moja kabla ya hapo. Kwa muda wa wiki nzima sikuwa na ombi jingine kwa Mungu, isipokuwa mama yangu asimame mbele ya ubao ule aisome sentensi ile ya mwisho.

Asubuhi ya maonyesho Miss alipita akikagua. Alifika kwangu, akasoma, akatabasamu kwa huruma. Mpaka leo tabasamu la huruma silipendi.

"Atu, hii si kweli," alisema. Akanieleza kwamba jina lilitoka kwenye mlima mmoja hukohuko Kanada, mwanajiolojia akalichukua akaiita hivyo milima yote ya aina ile. Kiswahili hakihusiki.

Sawa. Nakubali, na nilikubali hata siku ile. Mama alikosea. Nikauliza, kwa heshima kabisa: "Basi huko Kanada maana yake nini, Miss?"

"Haina maana yoyote. Ni jina tu. Majina si lazima yawe na maana."

Jamani! Mtu hajui, badala ya kusema sijui, anasema haina maana! Kuuliza si ujinga, lakini yeye hakuuliza, na mimi niliyeuliza ndiye niliyefundishwa kunyamaza. Alichukua ukanda wa karatasi nyeupe akaubandika juu ya maneno yangu ya kijani. Kama angefunika sentensi mbili za mwanzo nisingekuwa na la kusema. Alifunika na ya tatu. "Nimeambiwa na mama yangu" ilikuwa na kosa gani? Nilikuwa nimeambiwa! Kisha akaiinua ngata kwa vidole viwili, akauliza kitambaa hiki ni cha nini, na kabla sijapata Kiingereza cha ngata akaenda kukitia kwenye sanduku la vitu vilivyookotwa, pale koridoni, pamoja na masweta na chupa za maji.

Mama aliingia katikati ya povu na makelele. Alikuwa na sare yake ya kazi, suruali nyeusi na shati la buluu, amesuka upya. Aliangaza huku na huku mpaka akaniona. Mimi nilisimama mbele ya ubao, nimetanua mikono, nimeuziba.

"Sogea nisome."

Sikusogea. Akanisogeza. Alisoma kuanzia juu, kidole kikifuata mistari, kikafika kwenye ukanda mweupe, kikasimama. Wino wa kijani ulikuwa unaonekana kidogo chini ya karatasi.

Nikamweleza kwa kunong'ona: kwamba si Kiswahili, kwamba Miss amesema majina hayana maana, kwamba ngata iko kwenye sanduku. Miss mwenyewe akatukuta hapo. Akasema palitokea mkanganyiko kidogo tu, na kwamba Atu ni mtoto mwenye mawazo mengi.

Nilimtazama Mama. Nilimjua mama yangu. Nilishamsikia akimpigia simu mwenye nyumba kuhusu bomba. Nilisubiri ngurumo.

"No worries," Mama alisema, akatoka ukumbini.

Sikuamini. Alirudi baada ya muda na ile kanga. Alikuwa ameikung'uta, ameinyoosha, amejifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi. Nikadhani anasikia baridi, maana ukumbi ule ulikuwa kama jokofu. Basi akaanza kuzunguka. Alitazama mlima wa kila mtoto, mmoja baada ya mwingine, hata wa Christopher, akisifia, akiinama, mikono nyuma, mwendo wa harusini. Mbele ya Miss alipita, akageuka, akapita tena. Nilitamani sakafu inimeze.

"Kitambaa kizuri sana," Miss alisema. "Haya maandishi yanasemaje?"

Mama akatabasamu, meno yote nje. "Hayana maana. Ni maandishi tu."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Miss alikuwa mgeni wa maneno yetu, lakini Mama! Njia nzima kwenye basi sikumsemesha. Alipoulizwa nyumbani mlima ulipokelewaje, alimjibu Baba kwamba ulipokelewa vizuri, akaweka maji ya chai. Niliona mama yangu ni mwoga, na nilikaa na neno hilo moyoni mpaka nikawa mtu mzima.

Niliutafuta mlima wangu baadaye, nilipojua kutafuta. Vitabu nilivyovipata mimi vinaeleza jinsi jina lilivyohamia kwenye milima mingine yote, vinaeleza mito ya lava na vioo na barafu. Mto wa huko na ziwa la huko vina jina hilohilo. Lakini wale waliokaa kando ya mto ule tangu mwanzo, wao walikuwa wakisema nini waliposema hivyo? Katika nilivyosoma, hakuna aliyeuliza. Haya, ni jina tu! Mama yangu mwenye vidole vya utomvu alikuwa mtu wa kwanza niliyemsikia akiuliza, tena akajibu, tena akakosea. Afadhali kosa lake mara mia.

Mwaka jana mgongo wake ulikataa, akaacha kazi ya kunyanyua wazee. Alipokuwa anapanga kabati alinirushia nguo kadhaa za kuchukua, na ile kanga ya manjano ikiwemo. Nilikuwa nimeshajifunza kusoma Kiswahili, ukubwani, kwa ubishi. Nikaikunjua mapajani. Herufi zimefifia lakini zinasomeka:

MZIGO WA MWENZIO NI KANDA LA USUFI.

Nikayafuata tena kwa kidole. Yaani mfuko wa usufi, ule mwepesi wa kujazia mito ya kulalia. Aliyebeba ndiye anayejua uzito, anayetazama anaona usufi tu. Na wanawake wa kwetu, yule ambaye huwezi kumjibu kwa mdomo, kwa sababu ya kazi, au viza, au mtoto wako aliyeko mikononi mwake mwaka mzima, humjibu kwa nguo. Unajifunga, unapita mbele yake, unageuka asome. Kama hawezi kusoma, shauri yake.

"Mama," nikasema, "ile siku shuleni, hii kanga ulijifunga makusudi?"

Mama hakugeuka kutoka kabatini hata kidogo.

"Gwe, kumbe miaka yote hii ulidhani nilikuwa nasikia baridi?"