Gurudumu la Baba

Kengele hakuwahi kusifiwa na baba yake, hata kwa bahati mbaya. Mzee alikuwa fundi baiskeli, mikono ya dhahabu, ulimi wa wembe. Mwanawe alipoanza kusambaza mikate kwa baiskeli, kila alfajiri akipiga kengele mlango kwa mlango mpaka mtaa ukampa jina hilo, mzee alisema, "Afadhali. Mkate haujali nani kaubeba."

Siku klabu yake ya baiskeli ilipomchagua kwenda kushindana nje ya nchi, mzee alichukua ufunguo wa kibanda chake cha ufundi. Mikono yake ilishaanza kutetemeka, lakini alijifungia kibandani akasuka gurudumu la mbele, spoku baada ya spoku, akalizungusha hewani likapita bila kuyumba hata chembe. "Hili ndilo langu la mwisho," alisema. "Usiniaibishe." Kengele alilipakata safari nzima kama mtoto mchanga. Mtu mzima na ndevu zake, mke na watoto, na bado alitaka jambo moja tu: arudi aambiwe na baba yake kwamba amefanya vizuri.

Mcheza kwao hutuzwa. Anayecheza kwa watu, wahenga hawakumwahidi kitu. Hata hivyo Kengele alikwenda kama upepo. Miguu iliyozoea kreti za mikate ilijikuta imetuliwa mzigo, na mlima wa mwisho aliupanda pamoja na kundi la mbele, wenyeji wakimtazama kwa jicho la pembeni. Wa klabu aliyebaki naye ni mwenyekiti peke yake, tajiri wa duka la rangi, ambaye njia nzima alijibanza nyuma ya mgongo wa Kengele asipigwe na upepo.

Mji wa kumalizia ulipoanza kuonekana, mwenyekiti akaingia shimoni, ringi yake ya mbele ikapinda. "Kengele!" akaita. Na yule bwege akasimama.

"Lete gurudumu lako."

"Mwenyekiti, hili kanisukia mzee wangu..."

"Viza alikuombea mzee wako? Gari letu liko nyuma, lina la akiba. Fanya haraka bwana, wanatuacha!"

Klabuni mdogo humpa mkubwa, hata chupa ya maji. Kengele akalifungua kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye gari likaja, likapiga honi, likapita mbio kumfuata mwenyekiti. Aliyekaa mbele akampungia mkono.

Alifika kwa miguu, baiskeli begani. Tao la kumalizia lilishashushwa na mwanamke mmoja alikuwa anafagia. Mwenyekiti, mshindi wa tatu, alikuwa anapigwa picha, medali shingoni na gurudumu mkononi. "Zuri kweli hili," alisema. "Nabaki nalo, kumbukumbu."

Mtaani habari zilimtangulia. "Gurudumu limemaliza, mwenyewe bado yuko njiani!" Watu hawana dogo. Mkewe tu hakucheka. Naye alicheka baadaye, jikoni.

Mzee alikuwa kitandani. "Limefika?"

"Limefika, baba."

"La ngapi?"

"La tatu."

Mzee akatabasamu, tabasamu ambalo Kengele hakuwahi kuliona maishani mwake. Kengele akapiga magoti kando ya kitanda, akainamisha kichwa, akangoja neno lake.

"Nilijua," mzee akasema. "Nilijua likimpata mwendeshaji, litafika."