Bunduki Tuliyoitafuta Hockley

Harufu ya duka la bunduki haifanani na nyingine yoyote: mafuta ya mashine, mbao iliyopakwa vanishi upya, na makoti ya sufu yaliyonyeshewa yakikauka karibu na hita ya mafuta ya taa. Nikiisikia hata leo, kwa fundi wa baiskeli au kwa seremala, husita mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kila Jumamosi kuanzia Agosti baba alinishika mkono tukapanda basi kutoka Erdington hadi mjini Birmingham, kisha tukatembea kuelekea Hockley, kwenye vichochoro vya karakana ambako upande huu walitengeneza pete na upande ule walitengeneza bunduki. Tulitafuta bunduki iliyokwisha kutumika lakini nzima, ya bei ambayo mshahara wa mama wa unesi ungeweza kuibeba.

Kwetu Kitui baba alikuwa askari wa wanyamapori, mtu wa kuitwa usiku nyati akiingia mashambani. Birmingham alikuwa mume wa nesi, basi. Kiwanda cha kwanza walimwambia nafasi zimejaa, cha pili hawakumfungulia hata dirisha. Alishinda katika chumba chetu cha kupanga akichochea makaa ya moto na kusikiliza hatua za watu wanaoenda kazini, na nilimwona akikonda kwa aibu ingawa chakula kilikuwepo. Kisha mzungu mmoja aliyewahi kufuga ng'ombe Kenya, na aliyemjua baba tangu huko, akamtafuta. Alikuwa na msitu Shropshire, kulungu walikuwa wanamaliza miche yake, naye alitaka mtu wa kuwapunguza kila msimu wa baridi. Kazi ilikuwa na nyumba na bustani. Ilianza Novemba, na mtu alitakiwa kuja na bunduki yake. Yule bwana alimdhamini, polisi wakatoa kibali. Ikabaki bunduki tu. Siku hiyo baba alitangaza mezani kwamba kazi hii ikimponyoka anarudi Kitui peke yake, kwa kuwa amechoka kulishwa. Mama aliendelea kupakua chakula. Mimi ndiye niliyelia, nikaambiwa nimalize viazi vyangu.

Zilizoendana na mfuko wetu zilikuwa bunduki kuukuu za jeshi, zile za komeo, ambazo kila ukifyatua lazima uvute chuma nyuma kwa mkono ganda litoke na risasi nyingine iingie. Wenye maduka walizipunguza mbao, wakazing'arisha, wakaziita za kuwindia. Baba alikuwa amebeba moja ya aina hiyo miaka mingi porini, na namna yake ya kuzichagua iliwafanya wauzaji waache kazi na kumtazama. Alifumba macho. Alipitisha vidole kwenye kitako akitafuta ufa, akavuta komeo taratibu, akalisukuma, akalivuta tena huku ameinamisha kichwa kulisikiliza. "Hii imelegea," alisema, na kweli ililegea. Aliniambia kwamba vanishi inadanganya macho lakini vidole haviipi nafasi. Namba zilizochongwa kwenye komeo na kwenye mwili wa bunduki alinitaka nizisome mimi, kwa maana zisipolingana ujue komeo limetoka kwenye bunduki nyingine. Nilizisoma kwa sauti, kifua mbele, nikidhani nafundishwa kazi. Nilimwona fundi mkubwa kuliko wote, na nilijivuna shuleni mpaka wenzangu wakanichoka.

Septemba ikapita, Oktoba ikaanza kutuponyoka. Moja ilikuwa na ufa, nyingine namba zilikataa kulingana, na iliyokuwa nzima iligharimu kama pikipiki. Baba akaacha kula asubuhi. Mama akirudi zamu ya usiku alimkuta amekaa kitandani na viatu miguuni. Jumamosi ya mwisho ya mwezi alikuja nasi, bado amevaa sare chini ya koti, akisema leo haturudi mikono mitupu. Katika duka la mwisho la kichochoro kulikuwa na moja ya bei rahisi kuliko zote. Vidole vya baba vikaipenda. Komeo lilienda kama lina siagi, namba zililingana, na kitako kilikaa begani pake kana kwamba alichongewa yeye. Sijawahi kumwona akicheka vile tangu tufike nchi hii. Mwenye duka akalichomoa komeo lote, akampa baba achungulie ndani ya mtutu kuelekea dirishani.

Baba akachungulia kwa jicho la kulia, muda mrefu. "Clean kabisa," akasema. "Mama Mwende, toa pesa. Mwende, njoo uone barrel inavyotakiwa kuwa."

Nikachungulia. Ndani kote kulikuwa na mashimo meusi, kutu juu ya kutu, kama kitako cha sufuria iliyotupwa mvuani. Nikamwambia, "Baba, mna kutu." Akacheka na kuniambia nimeshika vibaya, nielekeze kwenye mwanga. Nikaelekeza. Kutu ikaonekana vizuri zaidi. Mwenye duka akakohoa, akasema kwa upole kwamba ndiyo sababu ya bei yenyewe, alidhani bwana ameona. Mama akaichukua, akachungulia, akairudisha mezani.

"Baba Mwende," akasema, "hebu funika jicho la kushoto."

"Ya nini?"

"Funika tu, tafadhali."

Akafunika. Mama akanyoosha vidole vitatu mbele ya uso wake, karibu sana, akamuuliza anaona vingapi. Baba akaipapasa bunduki mezani. Mwenye duka akageuka na kuanza kupanguza kaunta iliyokuwa safi. Mama akauliza tena, na baba akasema humu dukani mna giza. Kulikuwa na taa juu ya kichwa chake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinishika mkono njia nzima, kwa nini alifumba macho, na nani alikuwa akisomewa namba. Nilimkasirikia hadi nikatamani kumpiga, kisha nikamkumbatia kiunoni kwa sababu mkono wake ulikuwa ukinitafuta hewani.

Hospitali ya macho walisema ni presha ya macho, ugonjwa wa kunyemelea. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto lilibaki na nuru kidogo ya kutunzwa kwa dawa, na kilichopotea hakirudi. Mama, aliyeuguza macho ya watu wengine wodini, alilia kuliko sisi wote. Baba akaenda mwenyewe kwenye kibanda cha simu kumjulisha yule bwana, mimi nikitumbukiza sarafu. Alimwambia amekosa bunduki ya kufaa. Nilimsikia yule bwana akicheka kwa furaha: kama shida ni bunduki tu, anazo nne kabatini, atamwazima hata kesho. Baba akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Simu ikaanza kulia kudai sarafu nyingine, nikatumbukiza ya mwisho, ndipo akasema, "I cannot see, sir." Yule bwana akasema pole, akaisema tena, kisha sarafu ikaisha na simu ikakatika.

Hakurudi Kitui. Hakutaka kuongozwa kwa mkono na watoto wa ndugu yake katika vijia alimokuwa akiongoza wengine yeye. Alibaki Erdington miaka yote iliyosalia, akipika na kusikiliza redio, na sikumsikia tena akizungumzia kazi.

Sasa ninaishi Great Barr, nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile. Ugonjwa wenyewe nimeurithi. Uligunduliwa nilipokwenda kutafuta miwani ya kusomea: mashine ya kupima presha ikanipulizia hewa jichoni, binti wa duka la miwani akakunja uso kidogo, na wiki hiyohiyo nikapewa matone ninayotia kila jioni. Macho yangu bado yanatunga uzi sindanoni, ingawa pembeni kulia pana ukungu. Ofisini nilimweleza meneja siku niliyopewa dawa, kabla ya chakula cha mchana, kwamba upande wa kulia sioni vizuri. Akaniagizia skrini kubwa, akaniuliza kama napenda chai, akaendelea na shughuli zake. Nilirudi mezani kwangu nikalia kwa kwikwi, na wenzangu wakaja kunifariji wakidhani nayalilia macho yangu, kumbe namlilia baba kwenye kile kibanda cha simu.