Mjerumani Wetu na Baba Zake Wawili

Sanduku la shangazi Helena lilikuwa la mti wa mkulo, na kila lilipofunguliwa lilitoa harufu kali ya kafuri, ikafungua pua hata za mtu asiye na mafua. Sisi watoto tukiisikia harufu hiyo tulijua kuna mgeni mkubwa, maana shangazi hakulifungua ovyo. Ndani mlikuwa na shuka mbili nyeupe, randa ya seremala iliyoshika kutu, na Biblia nene ya Kijerumani. Hakuna aliyeweza kuisoma. Ukurasa wa mwanzo tu, ule ulioandikwa kwa mkono, shangazi alitafsiriwa zamani na mchungaji, naye akaukariri. Vitu hivyo vyote vilikuwa vya Gotfridi, Mjerumani aliyemzaa marehemu babu yangu Ambrosi. Huyo Gotfridi alikuja milima hii ya Usambara enzi za Wajerumani, akatengeneza mabenchi ya kanisa la misheni, akamwoa bibi yetu Mboza, akafa kwa homa kabla ya vita ya kwanza, mtoto wao wa pekee akiwa bado anajifunza kutembea. Mimi sikumwona, na hata baba yangu Yakobo hakumwona. Lakini rangi yetu ilimtaja kila siku, na majirani nao hawakutuacha tumsahau.

Shule niliishia darasa la nne, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Hadi leo naweza kukutajia mbuzi wetu saba wa wakati ule, mmoja mmoja, na yupi aliuzwa Soni na yupi alianguka korongoni. Kwa hiyo ukurasa ule wa Biblia niliushika kwa kuusikia tu. Shangazi alikuwa akiweka kidole kwenye mstari na kusema, kama anayesoma amri kumi: "Gotfridi, mwana wa Ludwigi, bwana wa ngome na mashamba." Halafu anafunga Biblia taratibu na kumtazama mgeni usoni. Kwa ajili ya Ludwigi shangazi hakubeba samadi kichwani, na kanisani alikaa benchi la mbele hata akichelewa. Watu walimwita Binti Ngome, naye alidhani wanamsifu.

Ikaja Ujamaa, na maneno yakageuka. Shuleni tuliimba nyimbo za kuwasema mabepari, makabaila na kupe wanyonyaji, na mimi niliimba kwa sauti kubwa bila kujua kwamba kabaila ni bwana wa ngome. Aliyenijulisha ni katibu wa kijiji, Bwana Omari, mtu mwembamba wa kutoka Mlalo, mpole, asiyecheka. Masika ya mwaka ule alipita nyumba kwa nyumba na daftari akiuliza kila shamba limetoka wapi. Lile ambalo mzungu alipewa na serikali ya Kijerumani lingekuwa la kijiji. Lile ambalo mtu alipewa na ukoo na kulilima kwa jasho lake lingebaki kwake. Ndivyo alivyotueleza. Sasa, shamba letu la bondeni lilikuwa zuri kuliko yote upande ule. Mfereji ulipita katikati, migomba na kahawa juu, maharage na kabichi chini, udongo mweusi unaokaa na maji hata kiangazi. Hatukuwa na jingine. Katibu alisimama kwenye mfereji, viatu vimeloa, akamwuliza baba: "Ndugu Yakobo, huyu babu yako alikuwa mtoto wa nani hasa? Maana nasikia alikuwa mtoto wa kabaila, na hao ndio serikali yao iliwagawia ardhi." Baba akasema hajui. Katibu akaandika kitu, na hakutuambia ni nini.

Juma lile lile shangazi Helena alivaa viatu akaenda misheni kwa miguu. Alirudi jioni na karatasi yenye mhuri, iliyonakiliwa kutoka kitabu cha zamani cha mafundi: Gotfridi, mwana wa Henriki, fundi viatu, na mkewe Anna. Alituonyesha akitabasamu, na hilo peke yake lilitutia shaka, kwa sababu tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akimfurahia fundi viatu. Baba aliigeuza karatasi mbele na nyuma, akainusa. "Dada, wino huu una siku ngapi?" Shangazi akakasirika, akasema wino wa nakala lazima uwe mpya, mjinga wewe. Kesho yake nilitumwa shuka sandukuni, nikafungua ile Biblia. Ukurasa haukuwepo. Kilichobaki ni ukingo uliochanika, kama jani lililoliwa na kiwavi. Nilipogeuka, shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ruti, ukiulizwa, wewe hujui. Umesikia? Wewe ni mtoto, watoto hawajui."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa nyumba ya kutazamana. Baba alimshuku shangazi kwamba karatasi kaitunga. Shangazi alimshuku mama kwamba ndiye aliyepeleka habari za Ludwigi kwa katibu, na mama alisema waliozipeleka ni shangazi mwenyewe na mdomo wake, miaka ishirini mfululizo. Kikulacho ki nguoni mwako. Tulikula makande, vijiko vikigonga sahani. Bibi Mboza peke yake hakuulizwa kitu. Alikuwa kizee sana, macho yameingia ukungu, na kazi yake ilikuwa kukaa jikoni akichambua maharage kwa vidole. Alisikia yote. Mara moja nilimwona ameacha vidole vyake kwenye ungo bila kuvisogeza, mpaka shangazi alipomaliza kusema neno "Henriki". Halafu akaendelea kuchambua.

Mkutano wa kuamua shamba letu ulifanyika asubuhi kwenye uwanja wa shule, ukungu ukiwa bado umelala kwenye miti. Katibu alikaa mezani. Upande mmoja alikaa mzee Shembilu, mtoto wa kaka yake bibi Mboza, kwa kuwa ukoo wao ndio wenye bonde lile tangu zamani. Sisi tulikaa upande wa pili, na bibi tulikuwa tumemleta kwa kumshika mikono. Shangazi akasimama na karatasi yake, akasoma Henriki, akasoma fundi viatu, akaongeza kwamba fundi viatu ni mfanyakazi, na mfanyakazi si mnyonyaji. Nyuma mtu akasema, "Leo Binti Ngome anashona kandambili," na watu wakacheka. Katibu hakucheka.

"Ndugu Helena, karatasi hii ilikuwa wapi miaka yote? Na Biblia inasemaje?"

"Biblia haisemi kitu, ndugu katibu. Ni Biblia tu."

Katibu akatazama watu, akanitazama mimi. Alishaambiwa habari za kichwa changu. Akaniita mbele, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri kabisa. "Mwanangu, wanasema wewe husahau jina. Shangazi yako alikuwa akiwasomea wageni nini?" Nimefikiri juu ya dakika ile maisha yangu yote. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa na miaka kumi na moja, na sifa pekee niliyokuwa nayo duniani ni kwamba sisahau, na watu wote walikuwa wakinisubiri. Nikasema: "Gotfridi, mwana wa Ludwigi, bwana wa ngome na mashamba." Nilisema kwa mdundo uleule wa shangazi, mpaka watu wakaguna. Baba akainamisha kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, katibu alisema, akachukua kalamu.

Mzee Shembilu akanyoosha fimbo yake. Hakuwa upande wetu, nataka hilo lieleweke. Yeye naye alikuwa na mashaka yake ya siku nyingi. "Ndugu katibu, ngoja. Bonde lile baba yangu ndiye aliyelikata akampa huyo mzungu, nilisikia kwa mdomo wake. Lakini hakuniambia kwa nini. Sisi hatumpi mkwe ardhi. Mkwe anachukua mke, anakwenda naye kwao. Halafu kuna hili jingine. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anarudisha jina la baba wa baba yake, na huyo mzungu alifuata mila zetu zote, hata kwenye matanga alikaa chini. Kama baba yake ni Ludwigi, mbona mtoto hakuitwa Ludwigi? Kama ni Henriki, mbona hakuitwa Henriki? Huyu Ambrosi ni nani?"

Jamani, jina hilo tulilitamka kila siku na hakuna aliyewahi kuliuliza. Tulidhani ni la kanisani tu. Shangazi Helena alikuwa akitazama karatasi yake kana kwamba Ambrosi angeweza kutokea humo. Ndipo bibi Mboza akasema, kwa Kishambaa, bila kusimama, na ikabidi watu wasogee ili wasikie.

"Ambrosi ni baba yake Anna. Anna ndiye mama wa mume wangu. Baba hakuwepo."

Katibu akaomba aeleze. Bibi akashusha pumzi, akaeleza kama mtu anayetua mzigo wa kuni, polepole, asije akaumia mgongo. Huyo Henriki alimwoa Anna wakati Gotfridi ameshaota meno. Misheni walitaka fundi aliyetoka nyumba yenye baba, Gotfridi akawapa jina la Henriki. Huyo Ludwigi alikuwa tajiri ambaye Anna alimfulia nguo. Kama ndiye au siye, Anna hakusema mpaka anakufa. Gotfridi alimwandika kwenye Biblia alipokuwa mgonjwa, ili mwanawe akikua na kujua kusoma akute jina la babu, tena kubwa. "Lakini nilipojifungua nilimwuliza tumwite nani. Akasema, aliyenilisha ni baba wa mama yangu. Na kabla ya posa alikuwa amewaambia kaka zangu ukweli wote, hakuwaficha. Wakasema mtu asiye na baba ni wa wajomba, na huyu wajomba zake wako ng'ambo ya bahari. Atampeleka wapi mke? Wakamkatia bonde akae kama mtoto wa dada. Nilimwahidi sitasema. Leo nimesema."

"Kwa hiyo hakupewa na serikali ya Kijerumani?"

"Serikali," akasema bibi. "Hao hata salamu walikuwa hawampi, tangu alipokuja kukaa na mimi."

Watu walicheka, na safari hii katibu naye midomo ilimcheza. Akaandika kwamba shamba limetoka ukoo wa mke. Walichukua kipande cha kando ya barabara kwa bustani ya shule, lililobaki likawa letu, na ndilo lililonilea mimi na wadogo zangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema aliyeufunua mbele ya kijiji kizima anarudije nyumbani. Bibi tulimshika mikono tena, na shangazi alitembea mbele peke yake. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Binti Ngome. Walimwita Mjukuu wa Mfua Nguo. "Bora wangechukua shamba," aliniambia mimi, akiwa amenikazia macho, na hakunipa mkono wake mpaka nilipoolewa.

Shangazi alipofariki tulilifungua sanduku, na kwenye pindo la shuka moja tukakuta ule ukurasa, umekunjwa na kushonewa ndani. Hakuwa na moyo wa kuuchoma. Nilikuwa mtu mzima, lakini bado nilimshuku kwamba aliuandika yeye. Nikaenda nao kanisani siku ya usafi, mabenchi yalipopinduliwa, kwa kuwa niliwahi kuona chini ya benchi moja Gotfridi ameandika jina lake kwa penseli. Mwandiko ulikuwa mmoja. Baadaye mchungaji wa wakati huo alinionyesha kitabu cha mafundi, na Henriki yumo, wino umefifia kama chai. Kwa hiyo shangazi hakutunga kitu. Karatasi zote mbili zilikuwa za kweli, na Gotfridi aliyezitoa alijua kwamba moja haisemi kweli, na nyingine hana hakika nayo. Kilichobaki ni neno la bibi Mboza, na hapo pia, Mungu anisamehe, nimewahi kulala nikijiuliza. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na shamba lilikuwa linaondoka mbele yake. Ila kila nikijaribu kumtilia shaka nakwama kwa babu Ambrosi, aliyepewa jina lake zaidi ya miaka hamsini kabla ya daftari la katibu.

Mwaka jana nilimsindikiza mjukuu wangu Neema kliniki, Lushoto, mtoto wake wa kwanza akiwa na siku kumi. Baba wa mtoto hatumjui, na sisi hatukumlazimisha Neema kusema. Nesi alikuwa akijaza kadi, akafika pale na kuuliza jina la baba. Nilikuwa na jina tayari mdomoni, la marehemu mume wangu, jina zuri, ningelitoa kwa uso mkavu na nesi angeliandika. "Weka mstari tu, dada," Neema akasema, huku akimfunga mtoto khanga. Nesi akaweka mstari, akauliza uzito. Niligeuka kutazama nani amesikia. Kina mama walikuwa wamepanga foleni mpaka nje, wengine wakinyonyesha, wengine kwenye simu zao, na hakuna aliyenyanyua kichwa.

Tulipotoka nilimwomba Neema anipe kadi niishike. Nafasi ile ni ndogo, haizidi kidole changu. Mtu alivuka bahari, akadanganya kanisa, akadanganya Biblia, ili pasikae mstari kama huo. Nilimrudishia kadi, nikampokea mtoto, tukapanda mlima.