Misa ya Chapati Nyuma ya Jiko

Kwetu Busia, miaka ya tisini, mchezo tulioupenda kuliko kati, ule wa kukwepa mpira, na kuliko kandanda ya makaratasi ulikuwa misa. Tuliucheza Jumapili alasiri nyuma ya jiko, tukiwa tumetoka kwenye misa yenyewe asubuhi, kana kwamba ile ya kanisani haikututosha. Mimi ndiye nilikuwa padre. Mdogo wangu wa kiume alilalamika kila wiki kwamba msichana hawezi kuwa padre, na kila wiki nilimjibu kwamba mimi najua misa nzima kwa kichwa ilhali yeye sala ya Nasadiki tu inamshinda. Halafu nilikuwa na ngumi kumzidi. Basi akabaki kuwa katekista, na kazi hiyo aliifanya kwa ukali, wee acha tu.

Kanzu yangu ilikuwa leso ya mama. Altare ilikuwa kreti ya soda iliyofunikwa kitambaa cha kochi, na ubani tuliufukiza kwa majani makavu ya mkaratusi ndani ya mkebe wa majarini hadi kutaniko zima likatokwa na machozi. Hostia tulizikata kutoka kwenye chapati za mchana kwa kifuniko cha chupa. Kila mtoto alitoa kipande cha chapati yake, na kwa kuwa chapati kwetu ilionekana Jumapili peke yake, hiyo ilikuwa sadaka ya kweli, si mchezo.

Mama, mtu wa rozari asubuhi na jioni, alituruhusu kwa sharti moja. Yale maneno ambayo padre husema juu ya mkate, na yale anayosema akimpa mtu, tusiyaguse. "Hayo hayachezewi," alituambia. "Wewe sema 'pokea', inatosha." Akawa anatusikiliza kutoka kwenye karai la vyombo huku akisugua masufuria kwa majivu. Nikiruka kitu, sauti inatoka huko huko: "Padre, na maombi ya waamini umempelekea nani?"

Katekista wetu alisimama mbele ya mstari na fimbo, akiamua nani apite na nani arudi. Kuna mtoto wa jirani, wa Kianglikana, aliyekuja kwa ajili ya chapati tu, naye alizuiwa akaambiwa akafundishwe kwanza. Alilia mpaka mama akampa chapati nzima ili anyamaze. Sisi tuliokuwa na imani sahihi tukabaki na vile vipande vyetu vidogo, tukimtazama akila.

Likizo moja bibi yetu, mama yake baba, alikuja kutoka Butula ili aonwe miguu hospitalini. Sisi tulimwita kukhu. Alilala jikoni pamoja nasi watoto, maana kwetu mama hawezi kulala katika nyumba ya mwanawe, hata kama mwanawe anampenda namna gani. Nilifurahi sana. Alinukia moshi na mafuta ya kujipaka, na alikoroma polepole.

Kukhu alibatizwa na kukomunika akiwa msichana. Kisha akaolewa mke wa pili, na kanisa likamzuia sakramenti. Hilo tulilijua watoto wote, kama tunavyojua nani ana kisukari na nani hapendi maharagwe. Kwao Butula alikuwa wa kwanza kufika kanisani na alifagia hadi sakristia, lakini watu wakiinuka kwenda kukomunika, yeye alibaki ameketi. Amebaki ameketi tangu kabla baba yangu hajazaliwa.

Jumapili yake ya kwanza kwetu tulienda naye misa. Wakati wa komunyo benchi letu lote liliondoka, naye akavuta magoti pembeni ili tupite. Nilipita nikiwa nimefunga mikono kifuani, nikiwaza kama mama amekanda unga wa kutosha. Niliporudi nilimkuta amefumba macho, midomo inacheza.

Tukiwa njiani kurudi, tukiambaa ule mstari wa malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, mdogo wangu alishindwa kujizuia. Akamuuliza kukhu kwa nini hakwenda, na padre wa huku hata hamjui. Mama alimfinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kukhu hakukasirika. Aliendelea kutembea na ule mguu wake mbovu. "Kweli, padre hanijui," alisema. "Lakini si padre ninayemwendea pale." Tulipita lori moja, la pili, ndipo akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilipokea nikiwa mdogo, mjukuu wangu. Sasa hata ladha nimeisahau. Hiyo inaniuma kuliko miguu."

Mimi sikujua kwamba mtu mzima anaweza kutamani kitu hivyo. Nilidhani watu wazima hutamani mabati na ng'ombe wa maziwa.

Alasiri hiyo misa yetu ilikuwa imefika kwenye komunyo. Nimeshika sahani, mdogo wangu yuko mahali pake na fimbo, dada yetu mdogo wa mwisho ametangulia kwenye mstari ulimi ukiwa nje tayari. Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta akituangalia, rozari mkononi. Nikamwona anainuka. Alivua malapa, akayaweka sawasawa karibu na kigoda, akaja taratibu, akasimama nyuma ya dada yetu.

Dada akapokea, akaondoka akitafuna. Kukhu akasogea. Fimbo ikashuka mbele yake.

"Kukhu, wewe huruhusiwi," mdogo wangu akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile alivyomwambia mtoto wa jirani, kwa sababu sheria ni sheria, na alikuwa na miaka minane.

Kukhu aliitazama ile fimbo. "Hata hii?" aliuliza.

Misa yote niliyoijua kwa kichwa ilinitoka. Huko barabarani utingo mmoja alikuwa akimpigia mwenzake mluzi. Kukhu akatikisa kichwa, akageuka ili arudi kwenye kigoda.

Masufuria yaliacha kulia. Mama alikuja na majivu hadi kwenye viwiko, akaitoa fimbo mkononi mwa katekista bila kumwangalia, akamshika mkwewe bega akamgeuza taratibu. Kisha aliinama akachukua kifuniko cha sufuria, akakipangusa kwa upindo wa leso, akakishika chini ya kidevu cha kukhu, vile vile wahudumu wa altare wanavyoshika kile kisahani ili chembe isidondoke chini.

"Padre," aliniambia, "mpe."

Kukhu alipiga magoti, na magoti yale hayakuwa ya kupigwa hovyo. Alifumba macho, akafungua mdomo. "Pokea, kukhu," nikasema. Akasema, "Amina," na chozi likatua kwenye kifuniko cha sufuria, tukalisikia.

Mama alimsaidia kuinuka, akamrudisha kwenye kigoda. Misa haikumalizika. Nilivua leso, watoto wakatawanyika, baadaye kidogo wakaanza kuruka kamba. Mimi sikuweza kucheza. Nilikaa chini nikimtazama kukhu, maana alikuwa bado amefunga mdomo, taya halisogei. Watu wa enzi yake walifundishwa kwamba komunyo haitafunwi. Unaiacha iyeyuke yenyewe. Na chapati, jamani, chapati haiyeyuki.

Jua lilihamia upande wa choo na kukhu bado ameketi vile vile. Mama alimletea chai. Kukhu alikataa kwa mkono, na mama akairudisha kwenye chupa bila kuuliza.

Baba alirudi kutoka mpakani, alikokuwa akishughulikia hati za malori, koti begani na kofia kichwani. Akamsalimu mamake kwa Kiluhya. Kukhu akamtazama, akainua kidole kumwomba angoje. Baba akasalimu tena. Kidole kikabaki juu.

"Ana nini mama?" akamuuliza mama yangu kwa wasiwasi. "Ni meno?"

"Hapana," mama akasema. "Amekomunika."

Baba alitutazama, akaitazama kreti na kitambaa cha kochi, akamtazama mama yake. Alivua kofia, akasimama pale nyuma ya jiko, akangoja.