Suti Yangu na Maji ya Hasamba

Mimi ni mwalimu wa udereva Vwawa. Juzi nilimfelisha Mama Tumaini, mkulima wa kahawa wa Hasamba, kwa kutojua la kufanya gari likizimika kwenye maji.

Jumapili, nikiwa nimebeba wanakwaya, nikakuta maji yamefunika barabara kijijini kwake. Badala ya kushuka kupima kina kwa fimbo, kama ninavyofundisha, nikaionea huruma suti yangu mpya, nikaingia. Katikati gari likazimika. Kwa aibu nikashika ufunguo.

“Mwalimu, usiwashe! Injini itavuta maji!” mtu akapiga kelele ng'ambo.

Nikawasha. Injini ikakohoa, ikafa.

Kumbe aliyepiga kelele ni Mama Tumaini. Akaja na mabuti yake hadi mlangoni, akanigeuzia mgongo.

“Panda nikubebe, mwalimu, suti isilowe. Ila kwanza niambie, sasa nimepata maksi ngapi?”