Kheri Mbele ya Mlango wa Bi Biubwa

Kheri bin Shaabani, ambaye watu wa Kilindoni, Mafia, humjua kwa bajaji yake ya buluu kuliko wanavyomjua kwa jina la baba yake, alizaliwa kisiwani Chole na akalelewa Chole, kisha kwa muda wa miaka saba hakukanyaga Chole. Kutoka Kilindoni hadi Utende kwa barabara ya lami ni mwendo usiotimia saa moja, na kuvuka kwa mashua kutoka Utende ni muda wa kusoma Yasini moja kwa utulivu. Nayaandika haya kwa sababu mtu huyu nilimsomesha Kurani chuoni akiwa mtoto, na kosa lililomweka mbali na kwao lilikuwa katika somo nililomfundisha kwa ulimi wangu.

Wazazi wake walifariki mapema, Mwenyezi Mungu awarehemu. Akachukuliwa na shangazi yake, dada wa baba yake, Bi Biubwa, ambaye hakujaliwa mtoto, na mumewe Mzee Abdulhamidu, fundi wa mashua. Wakamlea wala wasimfanyie tofauti. Siku Mzee Abdulhamidu alipofariki, Kheri alikuwa amepeleka abiria Bweni, mwisho wa kisiwa cha Mafia upande wa kaskazini, na simu yake haikushika mawasiliano. Maiti hacheleweshwi, mzee akazikwa kabla ya alasiri. Kheri alifika siku ya tatu, hitima imekwisha kusomwa. Alikuta mlango wa nyumba umefungwa, na jirani, Bi Zuena, akamwambia uani kwamba mwenye nyumba amekaa eda, haonani na wanaume. Akaacha kifurushi cha sukari na kahawa barazani, akarudi alikotoka. Njia nzima alijiambia kwamba shangazi amekasirika naye na eda imekuwa kisingizio. Miezi minne na siku kumi ilipokwisha, aliona haya kwenda kwa sababu amechelewa. Na kila mwezi aliochelewa ulizidisha haya ya mwezi uliofuata.

Mwaka huu, shule zilipofungwa, mkewe Hasina alimwambia kwamba watoto wanakijua kiti cha nyuma cha bajaji lakini kisiwa chao hawakijui. Wakafunga godoro juu ya paa, sufuria ikakaa miguuni mwa Hasina, na watoto wawili, Swabaha wa miaka saba na Taufiki wa miaka minne, wakabanwa katikati. Kwa siku tano walizunguka Mafia yote, wakilala kwa jamaa. Waliuona mnara wa taa kule Bweni, wakapita Kanga na Kirongwe, na Taufiki akawa anahesabu mbuzi mpaka hesabu zikamwishia. Kila walipolala, Hasina aliuliza Chole ni lini, na Kheri alijibu kwamba Chole ni siku ya mwisho. Alikiri kwangu baadaye kwamba hakujua kama aliiweka mwisho ili asiweze kuikwepa, au ili muda ukiisha apate sababu ya kuikosa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wageni wangu Kiegeani, ninakoishi sasa. Baada ya magharibi watoto waliuona mwezi mwandamo, mwembamba kama ukucha uliokatwa, wakatuita wote tutoke tuutazame. Tulipokaa kunywa kahawa, Kheri alinieleza habari ya mlango uliofungwa, jambo ambalo kwa miaka saba hakupata kunieleza. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamwuliza:

“Huyo aliyekaa eda, wewe ni nani kwake?”

“Mtoto wa kaka yake.”

“Na mtoto wa kaka ni nani kwa shangazi yake?”

Alifungua kinywa kujibu kama alivyokuwa akijibu chuoni. Alikuwa amekumbuka. Mtoto wa kaka ni maharimu; hawezi kumwoa shangazi yake milele, na eda haimzuii kuingia, kukaa naye na kumpa pole. Bi Zuena alisema neno la kweli kuhusu wanaume wengine, na Kheri akajihesabu miongoni mwao. Aliweka kikombe chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kama ni hivyo, basi si yeye aliyefukuzwa. Shangazi ndiye aliyeachwa peke yake na msiba. Nilimwambia tu aende akaombe radhi, maana mtu anayeishi karibu hivi na mama aliyemlea hana udhuru atakaoutoa mbele ya Mola wake.

Asubuhi walivuka saa mbili. Hasina ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, na Kheri hakumkanusha popote. Chini ya miti mikubwa walisimama kuwaonyesha watoto popo wanavyoning'inia kwa mamia kichwa chini, wamejifunika mbawa. Taufiki aliuliza kama wanaswali. Kisha wakafika nyumbani kwa Bi Biubwa, na mlango ulikuwa umefungwa.

Kheri alibisha hodi mara tatu, kama sunna ilivyo. Hakuitikiwa. Akageuka, akamwambia mkewe kwamba jibu amelipata, na kwamba wawahi mashua kabla maji hayajatoka. Bi Zuena, ambaye sasa amezeeka na macho yake yamepungua lakini ulimi haujapungua, alitoa kichwa dirishani kwake.

“Nani huyo, dereva? Nimesikia una gari la miguu mitatu. Nasi tuliokulea tuna miwili tu, ndiyo maana hatukufikii.”

Kheri alimwamkia, akauliza kama Bi Biubwa ameondoka kwa sababu amesikia yeye anakuja. Bi Zuena alicheka mpaka akakohoa. Akamwuliza mwezi umeandama lini.

Hapo Kheri aligeuka kuelekea baharini. Mtoto wa Chole, aliyekua akibeba ndoo nyuma ya shangazi yake, alikuwa ameutazama mwezi mwandamo jana jioni na asikumbuke maana yake. Mwezi ukiandama ni bamvua, maji hukauka mbali kabisa, na hakuna mwanamke mkulima wa mwani anayebaki nyumbani.

Wakashuka ufukweni saa nne. Hasina, ambaye ni mtu wa mjini, alinieleza kwamba hakuwa na neno la kuelezea alichokiona. Bahari haikuwapo. Mahali walipopita kwa mashua asubuhi palikuwa nchi kavu yenye mchanga uliokunjamana, majani ya baharini yamelala upande mmoja, na vidimbwi vinavyoakisi mbingu. Mashua yenyewe imelala ubavu. Mbali sana, wanawake walionekana wadogo kama punje. Swabaha alimshika baba yake mkono.

“Baba, bahari imekwenda wapi?”

“Imetoka. Itarudi.”

“Nani ataiambia irudi?”

Kheri alimwongoza mbele kwa mkono. Hasina anasema walitembea juu ya sakafu ya bahari bila kusemezana, hata Taufiki, kama watu walioingia msikitini.

Bi Biubwa alikuwa ameinama, amejifunga leso kiunoni, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyotandwa baina ya vigingi. Kheri alivua kofia.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba.” Hakuinua kichwa. “Shika kamba hiyo, inanitoka.”

Akaishika. Wakafunga vipande kadhaa, yeye upande huu, shangazi upande ule, na vidole vya Kheri vilikuwa bado vinaijua kazi.

“Siku ile niliisikia sauti yako uani,” Bi Biubwa akasema. “Nilikuwa nimekutandikia mkeka. Nikasema, sasa ataingia.”

“Niliambiwa umekaa eda.”

“Eda ya wanaume wa watu. Wewe nilikuosha mavi, Kheri.”

Kheri alipiga magoti kwenye kidimbwi, akamwomba radhi. Bi Biubwa aliweka mkono wenye chumvi juu ya kichwa chake, akasema radhi alikwisha kuitoa zamani, ila haikuwa na wa kuipokea. Kisha akawatazama watoto mmoja mmoja kwa muda mrefu, akauliza majina yao. Swabaha, ambaye swali lake halikuwa limemtoka, alimwuliza yeye nani ataiambia bahari irudi. Bi Biubwa alijibu kwamba ataiambia aliyeiambia itoke, na akamtaka atege sikio. Maji yalikuwa yameanza kupenya baina ya vidole vya miguu yao, taratibu, kutoka pande zote.

Walirudi ufukweni Kheri akibeba gunia la mwani kichwani. Walimsihi shangazi aende nao Kilindoni jioni ile ile. Alikataa, bamvua ina siku zake, na kamba hazijaisha. Alisema atakwenda maji yatakapokuwa mafu, mwezi ukifika nusu na bahari isipotoka mbali.

Siku ya saba ya mwezi, tangu baada ya alfajiri, bajaji ya buluu ilikuwa imeegeshwa Utende, na Kheri alikataa abiria wote.