Marlys Atafuta Msumeno Usiotetemeka

Saa mbili asubuhi, duka la vifaa la Gordy Pesola lina dakika tano tu tangu lifunguliwe, na Marlys Kemppainen ameshasimama mbele ya misumeno ya umeme akiwa na soksi ya sufu mkononi. Ndani ya soksi mna maganda matupu ya risasi. Anayamwaga juu ya kaunta na yanalia kama vijiko.

"Washa huu," anasema, akionyesha msumeno mwekundu wa bei rahisi.

"Mama, hapa ni dukani. Watu wananunua, wanakwenda kuwashia kwao."

"Mimi sinunui kiatu bila kukivaa. Washa."

Gordy anachomeka waya. Msumeno unaunguruma. Marlys anatoa sarafu ya senti tano mfukoni na kuisimamisha kwa ukingo juu ya kitako cha mashine. Sarafu inaanguka kabla hajaondoa kidole.

"Huo mpelekee mama mkwe wako," anasema. "Leta mwingine."

Wa pili ni mkubwa, wa mafundi wa nyumba, unang'aa kama gari jipya. Sarafu inasimama kidogo, inazunguka, inalala. Marlys anauzima mwenyewe na kushika diski yake kwa vidole viwili. Ni nene mno. Anasema msumeno kama huo unakula nusu ya ganda kabla haujalikata.

Wa tatu Gordy anautoa rafu ya chini, umejaa vumbi. Hauzidi ukubwa wa mkate. Ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaounda treni za kuchezea. Unawashwa, unalia kwa sauti nyembamba, na sarafu inasimama. Inaendelea kusimama. Wateja wawili waliokuja kununua misumari wanasogea kutazama.

"Hauna nguvu huo, mama," Gordy anasema. "Hata jibini itaushinda."

"Shaba njano haitaki nguvu. Inataka meno madogo na mtu asiye na haraka. Ndiyo maana wewe unauza misumari."

Wateja wanacheka. Gordy naye anacheka, kisha anataja bei: dola mia moja na tisa. Marlys anaomba apunguziwe. Gordy anamwambia amemwashia misumeno mitatu kama mhudumu wa hoteli, ashukuru hajadaiwa bakshishi. Marlys analipa yote.

Marlys ana miaka sitini na mbili. Anaishi Ahola, kijiji cha nyumba mia na kidogo katika Rasi ya Juu ya jimbo la Michigan, Marekani, ambako theluji huanza Oktoba na mazungumzo ya kulungu hayaishi mwaka mzima. Siku tano za juma anapika katika shule ya msingi kwa dola kumi na sita kwa saa. Jioni na Jumamosi hushuka chumba cha chini ya nyumba yake kukata maganda.

Kazi yenyewe ni hivi. Nyumba nyingi za hapa zina bunduki ya babu, na nyingi kati ya hizo viwanda viliacha zamani kuzitengenezea risasi. Ganda la kuzifaa halipo dukani. Lililopo ni refu kupita kiasi. Marlys hulikata, hulisugua kwa tupa, hulipitisha kwenye kalibu, chuma cha kulipa umbo, na linatoka likiwa lile ambalo babu alilijua. Kujaza risasi ni kazi ya wengine. Yeye hukabidhi maganda matupu tu, yamepangwa kwenye trei za mayai.

Hakuna aliyemfundisha kukata maganda, ila shaba alikuwa anaijua. Kwa miaka ishirini na mbili aliendesha mashine ya kukerezea katika kiwanda cha viungo vya mabomba ya maji, mpaka kilipofungwa.

"Shaba inasema," anaeleza. "Ukiikata vizuri inaimba. Ukiikosea inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa."

Mwaka wake wa kwanza aliharibu maganda thelathini kwa siku moja. Alikata juu ya alama yenyewe kama walivyokuwa wakikata kiwandani, na baada ya kusugua kingo yote yakawa mafupi. Ganda refu lina dawa, fupi halina. Tangu hapo huacha unene wa ukucha na kuumaliza kwa tupa.

Alikuwa akitumia msumeno wa mkono, na huo ndio uliomwumiza. Majira ya kuchipua mwaka huu vidole vitatu vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi. Daktari alimwambia neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, na kwamba akiendelea kukata vile atashindwa hata kushika mwiko. Mwiko ndio unaomlipia bima ya matibabu.

Akaacha. Kuanzia Mei hadi Oktoba aliwakataa wateja tisa. Anasema kila aliyeondoka na bunduki yake ndani ya blanketi alimfanya ajione kama mganga aliyefunga zahanati.

Wa kumi alikataa kuondoka. Huyo ni Verner Lampi, mzee wa miaka themanini na sita, mchimba shaba mstaafu. Bunduki yake ilinunuliwa na babake. Miaka kumi na moja sasa imetundikwa ukutani kwa kukosa risasi, naye amekuwa akiwinda na ya mpwa wake, ambayo huiita "ile ya plastiki". Safari hii madaktari wake wamemwambia moyo umechoka. Msimu wa kulungu unafunguliwa tarehe kumi na tano Novemba na Verner anataka kuingia msituni na ya babake.

"Sisemi ni msimu wa mwisho," anasema. "Nasema nikichelewa sana nitakuwa nimechelewa."

Ganda linalofaa bunduki hiyo ni adimu. Marlys alihangaika juma zima kabla ya kupata kumi kwa mzee mmoja aliyekuwa akifunga duka lake mji wa jirani. Kumi tu, na hajui yalipo mengine.

Siku ile ile ya dukani, Jumamosi, saa nane mchana, msumeno mdogo umefungwa kwa skrubu juu ya meza. Verner ameletwa na mpwa wake, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, na pasti ya Marlys, mkate uliojazwa nyama na viazi, juu ya magoti. Amekataa kukaa juu sebuleni.

Marlys anavaa miwani ya kazi. Anajaribu kwanza maganda ya kawaida kutoka kwenye soksi, akiyashika kwa koleo. La kwanza linaimba. La pili linaimba. Kila likikatika analigusisha kwenye midomo yake. Likimchoma, shaba imepata moto, italainika, inatupwa. Haya hayachomi.

"Haya, leta langu," Verner anasema.

Marlys anachukua moja kati ya yale kumi. Diski inagusa shaba, ganda linaruka ndani ya koleo, na sauti inayotoka ni ya paka aliyekanyagwa. Mdomo wa ganda umebonyea kama kopo lililokanyagwa na gari.

Marlys anazima. Anakagua diski, anakaza skrubu, anasimamisha senti tano juu ya kitako. Inasimama.

"Msumeno hauna kosa," Verner anasema, mdomo umejaa. "Ni wewe unayetetemeka, binti."

"Kula pasti yako."

"Nakula. Macho hayali. Ukibana hiyo koleo mkono unacheza. Nimeuona tangu la kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia nikikaa hapa nikae kimya."

Marlys anavua miwani na kupanda ngazi. Anamenya viazi vya kesho jikoni kwa muda wa robo saa, kwa nguvu zaidi ya zinazohitajika. Baadaye alikiri kwamba aliwaza kumrudishia Gordy msumeno. "Dola mia moja na tisa nilitoa nikitafuta mashine isiyotetemeka," alisema. "Mkono wangu sikuupima. Nilidhani nikipata msumeno mzuri, mkono utakuwa ule wa kiwandani."

Aliposhuka alikuwa na kipande cha mti wa mbetula kutoka kwenye kuni za sauna, chumba chake cha kuogea mvuke. Akakitoboa tundu lenye upana wa ganda, akakipasua kidogo ili kibane, akakipigilia ubao chini kiteleze juu ya meza bila kuyumba. Ganda linakaa ndani ya mti. Mti unasukumwa kwa kiganja cha kushoto, mbali na diski. Mkono wa kulia hauna kazi.

"Niuweke wapi sasa?" aliuliza, akiutazama mkono wa kulia kama mgeni aliyefika bila taarifa.

"Mfukoni," Verner alimjibu. "Wangu uko humo tangu nistaafu."

Akauweka mfukoni. Akawasha, akasukuma polepole, na ganda la pili la Verner likaimba mpaka mwisho. Aliligusisha midomoni. Halikuchoma. Kipimo cha chuma kikasema limezidi kwa unene wa ukucha, sawasawa na alivyotaka.

Yalikatika tisa, yote mazima. Kuyasugua kwa tupa na kuyapitisha kwenye kalibu kulimchukua hadi jua linazama, kwa sababu mkono wa kushoto ni mwanafunzi mgumu. Verner alisinzia mara mbili na kukanusha mara zote mbili.

Ganda la kwanza lilipokuwa tayari, mpwa aliitoa bunduki ndani ya blanketi. Verner aliliingiza tupu ndani ya bunduki kwa vidole vyake vinene, akafunga. Ikafungika. Akafungua, akafunga tena. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya nne hakufungua. Alibaki ameishikilia mapajani.

"Aisee," alisema. Kisha akaongeza: "Hiyo pasti ilikosa chumvi."

Marlys ameshawapigia simu wateja wote tisa aliowakataa. Saba watarudi. Mmoja ameuza bunduki, mmoja amekasirika bado. Anapanga kumtengenezea kila mmoja mti wake wa mbetula, wenye tundu la upana wa ganda lake, na kuandika jina la familia ubavuni. Upasuaji wa mkono ataufanya likizo ya Krismasi, shule ikifungwa. Daktari amempa matumaini kiasi, na yeye ameamua kwamba kiasi kinatosha.

Ila kabla ya hapo kuna tarehe kumi na tano. Mpwa atajaza risasi tano, Verner ataingia msituni, na Marlys ameomba ruhusa shuleni aende naye. Hana leseni ya kuwinda mwaka huu na hataki.

"Yeye apige au asipige, shauri yake," anasema, akifagia unga wa shaba kutoka mezani kwa mkono wa kushoto. "Mimi nitasimama nyuma yake. Akifyatua, nitaokota ganda kabla halijazama kwenye theluji. Ganda zuri linarudi kazini mara saba. Nimemwambia Verner ahesabu misimu yake kwa hizo mara saba, si kwa madaktari."